Kumpunguza Mbwa Uzito: Mizani, Kikombe na Maandishi ya Mfuko

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumiaji wenye mbwa wa nyumbani, Dar es Salaam



Mada niliyopewa leo yaweza kumfanya mtu atabasamu. Katika nchi ambayo mbavu za mbwa wengi wa mitaani huhesabika kwa macho, ofisi ya umma imetenga saa nzima kuzungumzia mbwa walionenepa kupita kiasi. Lakini maswali yanayoletwa mezani kwetu kuhusu chakula cha mbwa hutoka kwa watu walionunua mfuko kwa fedha nyingi, wakafuata jedwali lililochapishwa nyuma yake, na mbwa akaendelea kunenepa hadi kupanda ngazi za baraza kukawa taabu kwake. Mtumiaji wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kama ameuziwa kitu kisicho sahihi. Jibu langu, ambalo nitalieleza kwa kirefu, ni kwamba mara nyingi chakula chenyewe hakina kasoro. Kinachokosekana ni kipimo.

Tuanze na madhara, kwa ufupi. Utafiti unaotajwa mara nyingi katika jambo hili ulifanywa Marekani kwa mbwa 48 wa aina ya Labrador, waliopangwa katika jozi 24, kila jozi ikiwa ya ndugu wa uzao mmoja. Katika kila jozi mbwa mmoja alipewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko alichokula mwenzake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba umri wa kati wa kufa ulikuwa miaka 13 kwa waliokula kidogo, na miaka 11.2 kwa wenzao. Maumivu ya viungo nayo yalichelewa kuhitaji matibabu. Utafiti huo uligharimiwa na kampuni ya chakula cha mbwa, Purina, na ni desturi njema kumwambia mtumiaji nani alilipa. Ila katika suala hili muuzaji wa chakula ndiye aliyeonyesha faida ya kula kidogo, nami naona jambo hilo linauongezea ushahidi nguvu.

Kwetu sisi wa mwambao kuna sababu nyingine iliyo karibu zaidi. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama binadamu. Hupoa hasa kwa kuhema, ulimi ukiwa nje. Ifikapo Februari, hewa ikiwa nzito kwa joto na unyevu, kuhema peke yake hakutoshi, na tabaka la mafuta chini ya ngozi huzuia joto la mwili kutoka. Mbwa mnene aliyefungwa kwa mnyororo kwenye sakafu ya saruji saa nane mchana yumo hatarini.

Najua wapo wanaosema kwamba mbwa mnene ni heshima ya nyumba na kwamba mwizi humwogopa. Mwizi humwogopa mbwa anayeweza kuinuka.

Sasa utajuaje kama mbwa wako amezidi uzito? Macho hudanganya, hasa macho ya mtu anayemwona mnyama huyo kila siku na hasa mnyama mwenye manyoya mengi. Tumieni mikono. Kunja ngumi, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo vyake: hivyo ndivyo zinavyogusika mbavu za mbwa aliyekonda mno. Sasa kunjua mkono huo, kiganja kikielekea chini, upapase mgongo wa mkono. Mifupa inagusika bila kubonyeza, imefunikwa kwa nyama nyembamba, na mbavu za mbwa mwenye uzito ufaao zapaswa kugusika hivyo. Geuza mkono, ugusе upande wa kiganja, penye mashina ya vidole. Mifupa ipo, lakini hadi ubonyeze. Mbavu za mbwa wako zikigusika namna hiyo, ana mafuta ya ziada. Kisha msimamie kwa juu umtazame mgongoni: baada ya mbavu pawe na kiuno kilichoingia ndani.

Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9. Alama 4 na 5 ndizo zifaazo, na kila alama inayozidi 5 hukadiriwa kuwa ongezeko la uzito la asilimia 10 hivi. Naomba kazi hiyo mumwachie daktari walau mara ya kwanza, kwa sababu mbili. Atawakadiria uzito ambao mbwa anapaswa kuufikia, na hesabu yote nitakayoionyesha inategemea namba hiyo. Pia atachunguza kama unene una chanzo kingine. Tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo humnenepesha mbwa hata akila kidogo, na tumbo lililojaa maji au mimba limewahi kudhaniwa kuwa ni shibe. Mbwa wa namna hiyo akipunguziwa chakula ataumia bila kupona.

Tuchukue mbwa wa mfano: mlinzi wa nyumba, dume aliyehasiwa, mwenye kilo 32. Daktari amempa alama 8 na kukadiria kwamba uzito unaomfaa ni kilo 25. Nimesema amehasiwa kwa makusudi, kwa maana mbwa aliyehasiwa au aliyefungwa kizazi huhitaji nishati kidogo kuliko awali, huku hamu yake ya kula mara nyingi ikiongezeka. Tusiache kuwahasi kwa ajili hiyo. Tupime upya chakula chao baada ya upasuaji, jambo ambalo wengi hawaelezwi siku wanapomchukua mnyama kliniki.

Nishati ya chakula hupimwa kwa kilokalori, ambazo kwenye mifuko huandikwa kwa kifupi kcal. Kwa mbwa wa kati ya kilo 2 na kilo 45 ipo kanuni rahisi ya kukadiria nishati ambayo mwili huihitaji ukiwa umepumzika: zidisha uzito kwa 30, kisha ongeza 70. Anayetaka kumpunguza mbwa huanzia hapo, kwa sharti moja. Uzito unaotumika ni ule anaopaswa kuwa nao, wala si ule alio nao leo. Kwa mbwa wetu, 25 mara 30 ni 750. Ongeza 70, tunapata kilokalori 820 kwa siku, pamoja na kila kitu kitakachopita kinywani mwake.

Hapa ndipo watumiaji wengi wanapopotea, nao hawapotei kwa uzembe. Jedwali lililo nyuma ya mfuko lina safu ya uzito wa mbwa na safu ya gramu. Mwenye mbwa wa kilo 32 hutafuta mstari wa kilo 32, na hivyo hulisha mafuta yaleyale anayotaka yaondoke. Isitoshe, majedwali hayo huandaliwa kwa ajili ya mbwa wa kawaida mwenye kutembea vya kutosha, ilhali mbwa wetu wengi wa mijini hushinda ndani ya ukuta wa nyumba. Na mtengenezaji, tuseme ukweli, hapati hasara mfuko ukiisha mapema.

Baada ya kupata 820, swali linalofuata ni gramu ngapi za chakula zina nishati hiyo. Mifuko mingine huandika kilokalori kwa kila kilo au kila gramu 100, na hapo kazi imekwisha. Marekani huo ni utaratibu wa kawaida, lakini kwa bidhaa zinazotoka Ulaya kuandika nishati si lazima, kwa hiyo msishangae mkikuta mfuko mzuri, wa bei kubwa, usiosema lolote. Kwa mifuko hiyo hesabu inawezekana kwa penseli. Tafuta asilimia za protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu. Zijumlishe, kisha uzitoe katika 100. Kinachobaki ni wanga. Kama majivu hayakutajwa, kwa chakula kikavu kadiria 8. Halafu zidisha protini kwa 3.5, wanga kwa 3.5 na mafuta kwa 8.5, ujumlishe. Jibu ni kilokalori katika gramu 100.

Mfano: mfuko unasema protini 22, mafuta 10, nyuzinyuzi 4, unyevu 10, majivu 8. Jumla ni 54, hivyo wanga ni 46. Protini inatoa 77, wanga 161, mafuta 85. Jumla ni kilokalori 323 kwa gramu 100. Ni makadirio, lakini yanatosha kabisa kuanzia. Tazameni jinsi mafuta, ambayo ni sehemu moja tu katika kumi ya chakula hicho, yanavyobeba zaidi ya robo ya nishati yake.

Hesabu hiyo hutuwezesha pia kulipima neno la Kiingereza lenye maana ya "nyepesi", ambalo huandikwa kwa herufi kubwa mbele ya mifuko mingi. Katika kanuni za mfano za AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo Marekani, chakula kikavu cha mbwa kinachoitwa hivyo hakipaswi kuzidi kilokalori 3,100 kwa kilo, yaani 310 kwa gramu 100. Linganisheni na mfuko wetu wa kawaida wenye 323. Kwa mlo wa gramu 228, tofauti haifiki kilokalori 30 kwa siku. Neno ni la kweli, na bado mnunuzi aliyelilipia zaidi huku akiendelea kurundika kikombe hatapata alichokitarajia. Kwenye bidhaa zisizofuata kanuni hizo, neno hilo laweza kumaanisha tu kwamba chakula ni chepesi kuliko bidhaa nyingine ya mtengenezaji yuleyule. Geuzeni mfuko, msome namba.

Nimetaja gramu 228, na niseme zimetokaje. Katika zile kilokalori 820, asilimia 10 hutengwa kwa vitafunio vidogo vya kumtuza, maana nyumba isiyompa mbwa chochote cha ziada sijaiona bado. Zinabaki 738. Gawanya kwa 3.23, unapata gramu 228 kwa siku nzima, zigawanywe katika milo miwili au mitatu. Aliyekuwa akitoa gramu 400 kwa siku, mfuko wake wa kilo 20 ulikuwa ukidumu siku 50. Sasa utadumu siku 87. Anayeogopa kwamba kumtunza mbwa vizuri ni gharama ayatazame hayo. Lakini asishuke kutoka 400 hadi 228 kwa siku moja. Achukue wiki nzima, ili tumbo na tabia ya mnyama vizoee.

Gramu hizo hazipimwi kwa kikombe. Hiki nilichokishika ni kikombe cha plastiki cha kawaida. Nikikijaza na kusawazisha ukingoni, mizani hii ya jikoni inasoma gramu 100. Nikikirundika kama tunavyofanya asubuhi tukiwa na haraka, inasoma 130. Mkono ni uleule, kikombe ni kilekile, na kimeongezeka karibu theluthi moja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walipowapa wenye mbwa vikombe vya kupimia mwaka 2019, waliona makosa yaliyotoka karibu nusu pungufu ya kipimo hadi zaidi ya maradufu yake, na kosa lilikuwa kubwa zaidi pale kiasi kilipokuwa kidogo, yaani kwa mbwa wadogo ambao kwao gramu 20 ni jambo kubwa. Wahenga waliosema haba na haba hujaza kibaba walikuwa wakisifu subira, lakini mbwa wengi wamenenepa kwa njia hiyohiyo. Mizani ya jikoni isomayo gramu ndiyo kifaa pekee ninachowashauri mnunue leo.

Hapo niongeze neno kuhusu chakula kinachouzwa kwa kupimwa. Maduka mengi hufungua mfuko mkubwa na kuugawa katika mifuko midogo isiyo na maandishi. Bei inavutia, lakini mnunuzi hupoteza asilimia zote tulizotoka kuzihesabu, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama huna njia nyingine, mwombe muuzaji akuonyeshe mfuko mkubwa na uupige picha kwa simu, pande zote. Angalia pia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye mizani yake.

Sasa tuzungumze juu ya watu, kwani mbwa hajilishi. Katika nyumba nyingi za mjini mbwa huyo ana walezi wanne au watano: baba humrushia kipande cha chapati asubuhi, mtoto humpa biskuti akirudi shuleni, dada wa kazi humkusanyia makombo ya mchana, na mlinzi wa usiku hula naye kwa sababu ndiye mwenzake hadi alfajiri. Kila mmoja anaapa kwamba yeye humpa kidogo tu, na kila mmoja anasema kweli. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi, na mbwa wetu ametengewa 82 tu kwa ziada zote za siku. Yaani mafuta yaliyobaki chini ya sufuria ya mchuzi, yakimiminwa juu ya ugali wake, yamekwisha kula bajeti ya leo na sehemu ya kesho. Mchuzi huo pia una vitunguu, ambavyo ni sumu kwa mbwa, na mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Njia inayofanya kazi ni kupima chakula chote cha siku asubuhi na kukiweka katika chombo kimoja chenye kifuniko. Anayetaka kumtuza mbwa achukue punje kutoka humo. Chombo kikiwa kitupu, siku imekwisha. Mlinzi wa usiku aelezwe kwa heshima sababu yake na aachiwe sehemu ya kutoa yeye mwenyewe, kwa maana urafiki wake na mnyama yule ni sehemu ya ulinzi wa nyumba. Mtoto apewe vipande vya karoti au tango. Karoti, boga na maharage mabichi ya kijani, vikichemshwa bila chumvi, mafuta wala kitunguu, hulijaza bakuli bila kuongeza nishati nyingi, na humtuliza mbwa anayelia karibu na jiko. Wiki mbili za kwanza atalia. Wenye Labrador watasikia zaidi: mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kwamba karibu robo ya mbwa wa aina hiyo wana hitilafu katika jini liitwalo POMC, inayohusiana na uzito na hamu kubwa ya kula. Njaa ya mbwa huyo ni ya kweli, na kwa hiyo mizani yake yapaswa kuwa makini zaidi.

Wanaopika wenyewe, ugali na dagaa kwa mfano, wapime unga kabla haujaingia katika maji. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kilokalori 360 hivi, iwe utasonga ugali mgumu au uji. Ugali ukishaiva, hakuna ajuaye maji yaliyomo. Dagaa wawe wasio na chumvi, na ndio wasipunguzwe sana, kwa kuwa mbwa anayepungua uzito anahitaji protini ili apoteze mafuta badala ya misuli. Lakini mlo wa ugali na dagaa kwa miezi mingi una mapengo ya madini na vitamini, na mapengo hayo huongezeka kiasi kinapopungua. Hilohilo laweza kutokea kwa chakula cha mfuko kikikatwa mno: kimetengenezwa kikidhi mahitaji kwa kiasi cha kawaida. Ikiwa mbwa hapungui hadi apewe kiasi kidogo sana, muulizeni daktari juu ya vyakula maalumu vya tiba, ambavyo vina protini na nyuzinyuzi nyingi kwa nishati ndogo. Bei yake ni kubwa, ila vinanunuliwa kwa miezi michache tu.

Kuhusu dawa nitasema machache. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa ya kwanza ya kupunguza unene wa mbwa, Slentrol, pamoja na onyo kwamba isitumiwe na binadamu, haikudumu sokoni. Vidonge na sharubati za kupunguza mwili zinazouzwa kwa binadamu asipewe mbwa kamwe, hata muuzaji akisema ni mitishamba mitupu. Akikuambia ni dawa ya mifugo, muulize usajili wake kwa TMDA.

Mazoezi ni mazuri kwa viungo na kwa furaha ya mnyama, lakini hayafuti chakula kilichozidi. Mtembeze alfajiri au baada ya jua kuzama, dakika kumi au kumi na tano mwanzoni, uongeze polepole.

Sasa mizani ya mbwa mwenyewe. Pima kila baada ya wiki mbili, kwenye mizani ileile, kabla hajala, na uandike. Mbwa mdogo mbebe, simameni pamoja juu ya mizani ya bafuni, kisha toa uzito wako. Kwa mkubwa, kliniki nyingi zina mizani ya sakafuni, na muuza pumba mwenye mizani ya magunia hatakukatalia ukimwendea asubuhi. Lengo ni kupungua asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki. Kwa kilo 32 hiyo ni kati ya gramu 320 na 640, kwa hiyo kilo 7 za ziada zitachukua kati ya miezi mitatu na sita. Anayewaahidi mwezi mmoja msimlipe. Ikiwa baada ya wiki mbili uzito haujashuka, kwanza ulizeni nyumbani nani anatoa nini. Kama chombo kimeheshimiwa kweli, punguzeni asilimia 10. Akishuka haraka kuliko asilimia 2 kwa wiki, ongezeni. Mbwa hawafanani, na ile 820 yetu ni mahali pa kuanzia tu. Mizani ndiyo itakayoirekebisha.

Mbwa akishafika kilo 25, msirudi kwenye kikombe. Ongezeni asilimia 10 ya chakula, mpime baada ya wiki mbili, mwongeze tena mpaka uzito utulie pale ulipo. Hapo mtakuwa mmepata kiasi chake halisi, ambacho hakuna jedwali lolote lingeweza kuwapa.

Mizani ya sakafuni imewekwa pale karibu na mlango kwa waliokuja na wanyama wao, na madaktari wawili watakuwapo hadi saa saba. Mliobeba mifuko mitupu ya chakula kama tulivyowaomba, njooni nayo meza hii ya mbele, tuhesabu pamoja.